Waya wa Sikukuu

Watu wa mtaa wetu hapa Ruashi wakikuambia kwamba Kalenga alikufa kwa sababu ya pombe, waulize walimwona akinywa wapi. Wakutajie baa. Hutapata jibu. Watatazama viatu vyao, halafu watakumbuka kwamba wameacha bukari, huo ugali wao, motoni. Mimi ni dada yake mkubwa, naitwa Albertine, nashona nguo kwa cherehani ya miguu hapa barazani kwangu, na Kalenga nilimlea kwa mikono hii. Kwa hiyo nitasema, na atakayeudhika aende zake.

Baba yetu alikuwa mtu wa reli. Alitoka kaskazini, upande wa Kongolo, akaja huku mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, akabeba vyuma vya reli mpaka mgongo ukakataa. Mama alitutoka Kalenga akiwa bado ananyonya, nami nilikuwa msichana wa kutosha kumbeba mgongoni, basi nikambeba. Mapadri walimbatiza Edouard. Baadaye serikali ikakataza majina ya watakatifu, ikawa kila mtu ana jina la mababu huko ofisini na jina la ubatizo jikoni kwake. Mimi jikoni kwangu sikubadilisha kitu, lakini yeye alilipenda hilo la Kalenga, tukamwachia.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha ndege ndogo kule uwanja wa Luano, ndege za mapadri na za Wazungu waliokuwa wakiruka siku za Jumapili kwa kujifurahisha. Wajomba walimcheka sana, eti anasugua kitu ambacho hakikanyagi matope. Yeye alisugua na kuuliza, akauliza na kusugua, hadi padri mmoja akachoka na maswali yake, akamkalisha mbele na kuanza kumfundisha. Ilichukua miaka. Wazungu wakaondoka mmoja mmoja baada ya biashara zao kuchukuliwa, ndege zikabaki, na mtu wa kuzirusha akatafutwa. Kalenga alikuwa tayari ana karatasi zake zote. Mfanyabiashara mmoja wa mjini akampa ndege yake ya injini moja, awe anapeleka chumvi, dawa na walimu huko vijijini na kurudi na samaki wakavu wa ziwani, na mara nyingine mgonjwa amelazwa juu ya hao samaki.

Unafikiri mtaa ulifurahi? Ulifurahi wiki mbili. Halafu wakaanza kunung'unika, na sababu yenyewe ukiisikia utacheka kwa hasira.

Siku zile rubani wa ndege ndogo alikuwa na desturi. Akirudi safari, kabla ya kutua alipita kwanza juu ya nyumba yake, chini kabisa, mabati yakatetemeka na kuku wakapotea. Mke alitoka nje, akafungua kitenge chake cha juu, akakipunga. Ndege ikainamisha bawa kumjibu. Hapo mke alijua aweke maji motoni, na amtume mtu na baiskeli kwenda uwanjani. Simu nani alikuwa nayo? Hiyo ndiyo ilikuwa simu yetu, na ilikuwa sifa pia, kwa sababu mtaa mzima ulitoka kupunga vitenge. Kule mtaa wa Makomeno, walikokaa marubani wengine, walikuwa nayo sifa hiyo. Sisi hatukuwa nayo. Kalenga alipita juu sana, huko ambako ndege inaonekana kama nzi, akatua, akarudi nyumbani amepanda gari la mizigo, na vumbi lake.

Wakamwita piloti wa mawingu. Hata Laurentine mkewe ilimchoma. Siku moja, tukiwa tunakula kwao, akamwambia, "Bamama ba hapa banauliza kama kweli uko unaendesha, ao uko unabebwa tu sawa fuko la chumvi."

Kalenga alinawa vidole taratibu. Hakuwa mtu wa kugombana. "Laurentine, sikia," akasema. "Kule juu moteri ikikohoa, niko na nafasi ya kutafuta shamba, ao barabara, hata kiwanja cha mupira. Muntu anakosa, anarekebisha. Huku chini nafasi ya kukosa haiko. Nitakuangalia unapunga kitenge, nitageuza shingo, na nikirudisha macho mbele iko muti."

Hakuwa anabahatisha. Alikuwa na rafiki, Mbelgiji aliyebaki, mcheshi, aliyependa kusalimia nyumba za rafiki zake kule ziwani. Mbelgiji yule alipita chini, akatazama watu waliokuwa wanapunga mikono, akakata kona kali ili awatazame tena, na kwenye ile kona ndege ikaishiwa nguvu, ikalala ubavu na kushuka mchangani mbele ya watu wale wale wakiwa bado wanapunga. Kalenga ndiye aliyepelekwa kukusanya kilichobaki. Aliporudi alikaa barazani kwangu mpaka chai ikapoa, kisha akaniambia neno moja tu la maana.

"Yaya," akaniita, kama tunavyowaita dada wakubwa, "mvua siogopi. Ninaogopa waya. Moshi unauona, ndege wa porini unawaona, mulima unauona. Waya hauuone. Hata ukiwa mbele ya pua, hauuone, mpaka kuwe na kitu kimetundikwa juu yake."

Na pombe hakunywa. Alikuwa akinywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ule wa siku ile ile, mtamu, kabla haujachacha, ambao hata mtoto anayejifunza kutembea anapewa. Laurentine alimtengenezea kila alipokuwa na safari, akamjazia kopo la bati, akanywa amesimama mlangoni. Kumbuka hilo kopo.

Sasa nikuambie habari ya Numbi. Numbi alikuwa mkubwa wa Chama katika mtaa wetu. Zamani aliuza makala, mkaa wa kupikia, mtu mwema tu, ukikosa alikukopesha. Chama kilipomvalisha koti la shingo iliyofungwa na beji kifuani, akaanza kuogopa, na tangu alipoanza kuogopa hakuna tena mtu aliyepata raha naye. Kila mwaka mwezi wa tano, sikukuu ya Chama, alitaka mtaa wetu uonekane kuliko mitaa mingine. Mwaka mmoja akapata wazo kwamba ndege imwage karatasi zenye picha ya Rais juu ya watu. Mwenye ndege akakubali haraka, maana nani angekataa. Kalenga akazimwaga kutoka juu, kwenye urefu wake wa siku zote. Mwezi wa tano unaujua upepo wetu. Karatasi zikachukuliwa zote ng'ambo ya mgodi, zikaangukia matope, vyoo na mazizi ya nguruwe, na wiki iliyofuata wauza karanga wakawa wanafungia karanga ndani yake. Mkubwa mmoja kutoka mjini akanunua karanga, akafungua, akakuta sura ya Rais imejaa mafuta na chumvi.

Numbi aliitwa. Aliporudi alikuwa amenywea, suruali inamvuka, na hakusema huko walimfanya nini. Mke wake Julienne alimchemshia maji ya kukanda miguu kwa muda mrefu. Mimi nilimhurumia wakati ule, Mungu ananijua. Sasa sina huruma iliyobaki.

Mwaka uliofuata, ndio ule wa sabini na sita, Numbi akasema safari hii ndege itapita chini. Chini kabisa, juu ya kiwanja cha mpira, karatasi zianguke mikononi mwa wageni. Kalenga alikataa. Mwenye ndege akamwambia arushe ama arudishe funguo, na Numbi akaongeza kwamba mtu anayekataa kazi ya Chama huwa anaulizwa anapenda chama gani kingine. Chama kingine hakikuwepo. Kila mtu alijua swali hilo linaishia wapi.

Basi Kalenga akakubali. Na ungedhani Numbi, akiisha kupata ndege yake, atatulia. Hapana. Akataka pia kitambaa kikubwa chenye picha ya Rais, kitundikwe juu ya kiwanja kutoka upande mmoja hadi wa pili, kionekane toka barabarani. Picha ilitoka mjini imekwisha kuchapwa kwenye nguo. Mimi nikapewa kazi ya kuiungia pindo nyekundu na kijani. Wakapata waya wa chuma wa mgodini, unene wa kidole, wakausimamishia milingoti miwili mirefu ya mikaratusi kati ya mikaratusi iliyo hai, ukiwa mbali huwezi kuitofautisha, gari la mizigo likauvuta mpaka ukalia. Mdomo ule ule wa Numbi uliagiza ndege ipite chini, na ukaagiza waya upite juu.

Siku ya kuamkia sikukuu Kalenga alikuja kiwanjani kwa miguu kupaona mahali. Nilikuwepo, nashikiza pindo, pini mdomoni. Bwalya, jirani yetu fundi wa umeme wa mgodini, ndiye aliyekuwa juu ya ngazi anatundika. Kalenga aliuona ule waya akasimama. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Shefu, hii waya ishuke."

"Haishuki," Numbi akasema. "Bakubwa banakuya kesho. Bataona nini?"

Walibishana mpaka jasho likawatoka, na mwisho ndugu yangu ndiye aliyelegeza, kwa sababu Numbi hakuwa na mahali pa kulegeza. Kalenga akamshika Numbi bega, akasema polepole ili kila mtu asikie, "Basi kile kitambaa kikae. Kitambaa njo macho yangu. Nikikiona, nitapita juu yake. Nisipokiona, nitajua mumeshusha vyote viwili, kitambaa na waya. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana," Numbi akasema.

Bwalya alisikia toka juu ya ngazi. Mimi nilisikia. Kalenga akanigeukia, akaniambia hiyo nyekundu niifanye pana zaidi, nikaifanya pana.

Asubuhi ya sikukuu sisi wanawake tulitolewa mapema kwenda kujipanga barabara kuu, vitenge vya Chama kiunoni na mabegani, kuimba na kutikisa mpaka wageni wafike. Nilipita kwa Laurentine kumchukua. Kalenga alikuwa mlangoni na kopo lake la munkoyo. Alilimaliza, akaliweka juu ya dirisha, akampangusa mtoto wao wa mwisho makamasi, akaenda. Sisi tukaenda kuimba.

Kilichotokea kiwanjani nyuma yetu nilikijua baadaye, kwa vipande, toka kwa watu waliokuwa wananong'ona na leo wanakana kwamba walininong'oneza. Upepo ulikuwa umepiga usiku kucha. Kulipopambazuka kitambaa kilikuwa kimepasuka katikati, sura ya Rais imechanika toka kipaji hadi kidevu, nusu imejizungusha kwenye mlingoti. Numbi alikuja mbio, koti halijafungwa. Akauliza nani amefanya hivi. Wakamjibu ni upepo, Shefu.

"Upepo hauna jina," akasema. "Bale ba mujini bataomba jina."

Akamwamuru Bwalya apande akitoe kile kitambaa upesi, kabla jicho la mgeni halijakiona. Bwalya akapanda, akakikata, akakikunja kwapani kama mtu aliyeiba. Akauliza, na waya je? Waya ulikuwa umevutwa kwa gari, gari lilikuwa limekwenda kubeba wachezaji, kuulegeza kwa mikono isingewezekana mapema vile. Numbi alikuwa amekwisha kugeuka. "Waya hauna sura ya muntu," akasema. "Wachana nayo."

Mtu anasahau namna hiyo? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani hakusahau. Nadhani kichwani mwake siku ile kulikuwa na nafasi ya woga mmoja tu, na ule wa picha ulikuwa mkubwa zaidi, ukajaza mahali pote.

Tuliingia kiwanjani nyuma ya magari ya wageni, tunaimba. Nikainua macho kutafuta pindo yangu nyekundu. Sikuiona. Niliona milingoti, na mikaratusi, na mbingu tupu. Nikatoka kwenye mstari, nikamfuata Bwalya aliyekuwa amesimama pembeni na ngazi yake.

"Kitambaa kiko wapi?"

"Kimepasuka."

"Na waya?"

Bwalya akainua macho juu, kati ya milingoti. Na hapo ndipo tuliposikia injini.

Nilikimbia katikati ya kiwanja. Nilikuwa na kitu gani mkononi cha kumwonyesha? Nilifungua kitenge changu cha juu, nikakipunga kwa nguvu zangu zote, nikamfukuza kwa kitenge, rudi, panda, panda juu. Na wanawake wa mtaa wetu, ambao tangu Kalenga apate ndege walikuwa wakiingojea siku hiyo, waliponiona wakafungua vitenge vyao wote. Wakapunga wote. Wakapiga vigelegele. Piloti wa mawingu hatimaye alikuwa anakuja chini kusalimia mtaa wake, dada yake yuko mbele, na kiwanja kizima kilikuwa kinapepea. Laurentine naye alikuwa anapunga. Alikuwa anacheka, nilimwona.

Alitafuta kitambaa, hakukiona, akaamini walivyosikilizana. Ndege ikainamisha bawa kidogo. Sijui kama alikuwa ananijibu mimi au mkewe. Kisha waya ukashika magurudumu, mlingoti mmoja ukang'oka pamoja na mawe yaliyoshindiliwa chini yake, na ndege ikapinduka pua chini kule nyuma ya mikaratusi, ambako hakuna nyumba. Kelele yake haikuwa kubwa kama unavyodhani. Karatasi zote zilimwagika, zikashuka taratibu, na safari hii zilianguka pale pale zilipotakiwa, juu ya mabega ya wageni.

Waya uliondolewa alasiri ile ile. Kabla hatujaiosha maiti, waya haukuwepo, na shimo la mlingoti lilikuwa limefukiwa.

Baada ya mazishi wakaja watu wawili toka mjini kuuliza. Walikaa darasani kwenye shule ya mtaa, sisi tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti mdomoni. Walikuwa na adabu. Waliuliza kwa nini rubani mwenye uzoefu alishuka chini namna ile. Numbi akasimama akasema yeye alimwagiza apite mahali panapofaa, lakini kwa kweli asubuhi ile alisikia harufu ya pombe kwa marehemu. Alisema bila kupepesa. Asubuhi ile hata hawakuonana.

Wakamwuliza Bwalya kama ndege iligonga kitu. Bwalya alisimama, kofia mkononi. "Sikuona kitu," akasema. Ana watoto wengi huyu Bwalya, na mikono yake ndiyo iliyoishusha picha ya Rais na kuikunja kwapani. Najua yote hayo. Bado sijamsalimia tangu siku ile.

Nikasimama mimi. Nikawatolea uvivu. "Kulikuwa waya," nikasema. "Waya wa chuma, toka huku mpaka kule. Ndugu yangu hakunywa kitu."

"Waya wa nini, citoyenne?" akauliza mmoja wao, kwa hilo neno la raia walilotuitia siku zile.

"Wa kutundikia kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Cha sikukuu," nikasema.

"Kilikuwa na nini juu yake? Na kiko wapi sasa?" Yule mtu hakupandisha sauti. Aliweka tu kalamu yake chini na kunitazama vizuri, kwa mara ya kwanza.

Nilifungua mdomo nijibu. Ningejibu, nakuapia. Lakini Laurentine alisimama pembeni yangu, na kilemba chake cha matanga, akanishika mkono na kuuvuta chini.

"Bakubwa, mumusamehe," akasema. "Uyu yaya iko na uchungu, hajui anasema nini. Bwana yangu alikunywaka. Ile asubuhi alikunywa, mimi mwenyewe nilimuona."

Wakamshukuru. Wakamwonea huruma hata. Kikao kikaisha.

Nje nilimvuta nyuma ya ukuta wa shule, na nilikuwa nimeinua mkono wa kumpiga, mjane wa ndugu yangu, katika nguo zake za kilio. Hakukwepa.

"Kalenga amekwisha kufa," akaniambia. "Weye haujakufa. Bakikubeba kule, batoto bangu batabaki na nani?" Mkono ukashuka wenyewe. Tulirudi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma.

Uongo ukishasemwa mbele ya serikali lazima uulishe kila siku. Jirani akija kumpa pole, Laurentine alilazimika kusema vile vile, maana hujui nani atapeleka habari wapi. Akasema kisimani. Akasema kanisani. Watoto wake walipoanza kuitwa watoto wa mlevi, wakaja wanalia, akawaambia nao vile vile, kwa sababu mtoto hafungi mdomo. Na wale wale waliomwita ndugu yangu piloti wa mawingu, wale waliofungua vitenge, wakawa wanatikisa vichwa: ah, huyu tulimwambia siku zote asiruke chini. Waliniambia hayo mimi, barazani kwangu, wakiwa wamekuja kupimwa magauni. Niliwapima. Nilibana mikono ya magauni yao makusudi, wakashindwa kuinua mabega kanisani, na hiyo ndiyo haki pekee niliyoipata.

Mwaka ukazunguka. Mwezi wa nne Numbi akanituma mtu: mama fundi aje nyumbani, kuna kazi ya kitambaa kipya. Nilienda, kwa sababu huwezi kutokwenda. Nikamkuta uani amekaa kwenye kiti cha kamba. Mama Julienne alikuwa anaanua shuka. Nikatazama kamba ya nguo ile, toka pembe ya jiko hadi mti wa mpera, na haikuwa kamba. Ulikuwa waya wa chuma, unene wa kidole, na pembeni kulikuwa na mahali palipobaki alama ya rangi nyeupe, rangi ya ndege ya ndugu yangu. Mashati ya Numbi yalikuwa yananing'inia hapo, yamebanwa vizuri kwa vibanio.

Numbi aliona nimeona. Akahangaika na beji yake.

"Mama fundi, safari hii ushone nguvu," akasema. "Weka nguo ya fuko nyuma yake. Ile ya mwaka jana..." Akaachia hapo.

"Ile ya mwaka jana ilifanya nini, Shefu?"

Mama Julienne alisimama na shuka mikononi. Numbi akainua uso, na nilimwona yule mwuza makala wa zamani, kwa mbali sana, amechoka.

"Upepo," akasema. "Upepo uliipasua."

Nilichukua nguo, nikaiweka kichwani, nikapita moja kwa moja kwa Laurentine. Alikuwa anapepea makala kwenye mbabula, jiko lake la bati, anataka kuweka maji. Nikamwambia, Numbi amesema. Kwa mdomo wake, mbele ya mkewe, amesema upepo ulipasua kitambaa, na waya wenyewe wanaanikia nguo uani kwao.

Aliacha kupepea. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Amesema vile? Upepo?"

"Vile vile."

Akakaa chini, pale pale penye majivu. Alikaa akikunja na kukunjua upindo wa kitenge chake. Halafu akaniuliza polepole, na hakuwa anaigiza, hapakuwa na mtu wa kumwigizia:

"Kumbe, yaya, hakukunywa?"

Mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote ile. Wamemfanya aseme mpaka akaamini. Hasira ilinipanda hadi nikashindwa kuona, nikamtafuta Numbi kichwani, nikamtafuta Bwalya, nikawatafuta wale wawili wenye adabu, na hapakuwa na yeyote pale wa kumshika shingo, ila Laurentine amekaa kwenye majivu ananisubiri nijibu. Kopo la bati lilikuwa bado juu ya dirisha, limeingia kutu. Nikalichukua, nikamwekea mikononi.

"Alikunywa munkoyo," nikamwambia. "Wewe mwenyewe ulimpa."